Kiti cha magurudumu cha mtoto: hupimwa, hakigawiwi

Sherehe za kugawa viti vya magurudumu katika Afrika Mashariki hufanana. Viti hupangwa mstari mmoja chini ya turubai, vingine vikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Mgeni rasmi huhutubia. Watoto hubebwa mmoja baada ya mwingine na kukalishwa. Picha hupigwa, na kabla ya jua kutua kila mzazi huwa amekwenda zake na kiti alichopewa.

Picha ambayo haipigwi ni ile ya mwaka mmoja baadaye. Anayewafuata waliopewa viti hivyo hadi majumbani huenda akakikuta kimoja nyuma ya jiko, tairi limekwisha upepo, kitambaa cha kukalia kimelegea, na mtoto mwenyewe amerudi mkekani au mgongoni kwa mama yake.

Jambo hili halitokani na utovu wa shukrani. Mzazi alikipokea kiti kwa furaha, akakijaribu, akaona mtoto anateleza, analia, au anapata kidonda, akakiweka kando. Aliona sawasawa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu katika mazingira yenye uwezo mdogo, likaufuatisha na mwongozo mpya mwaka 2023. Ujumbe wa miongozo hiyo ni mmoja: kiti hutolewa kama miwani ya macho. Hakuna daktari anayemwaga miwani mezani akawaambia wagonjwa kila mmoja ajichukulie. Hata hivyo, hivyo ndivyo viti vya watoto vinavyogawiwa mara nyingi hadi leo.

Kwa mtoto ambaye mwili wake haujiwezi, kiti kisichomfaa kinaweza kumpinda mgongo, kumpalia chakula, kumtoboa ngozi, na wakati mwingine kumtoa roho.

Kutoka polio hadi mtindio wa ubongo

Kwa miaka mingi, lilipotajwa neno ulemavu wa viungo, picha iliyomjia msikilizaji wa Afrika Mashariki ilikuwa ya mtoto aliyepooza miguu kwa polio. Mtoto huyo mara nyingi alikuwa na mikono yenye nguvu, na mgongo wake uliweza kumshikilia akiwa ameketi. Alichohitaji ni magongo, vyuma vya miguuni, au baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono.

Asasi nyingi tunazozijua zilizaliwa katika zama hizo. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kiliundwa mwaka 1958, na karakana zake za Bombolulu mjini Mombasa zikaanza mwaka 1969. Nchini Rwanda, padri Joseph Fraipont alianzisha kituo cha Gatagara mwaka 1960. Mafundi wa vituo vya namna hii walijifunza kazi yao kwa miguu ya polio.

Chanjo ikabadili mambo. Mwezi Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ilitangazwa kuwa imetokomeza virusi vya asili vya polio, ingawa mwaka 2022 virusi vilivyoingia kutoka nje viligunduliwa Malawi na Msumbiji. Leo watoto wengi wanaofikishwa katika vituo vya utengamao wana mtindio wa ubongo, yaani ulemavu unaotokana na kuumia kwa ubongo ulio bado katika kukua. Mmoja alikosa hewa katika uzazi mgumu. Mwingine alipata manjano kali siku za mwanzo na haikutibiwa. Mwingine alizaliwa mzima, akaugua malaria iliyompanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Wapo pia waliozaliwa na mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kikubwa kilichojaa maji.

Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikadiria kuwa watoto wapatao 2.9 kati ya kila 1,000 walikuwa na mtindio wa ubongo. Kwa takriban robo ya watoto hao madhara yalitokea baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, malaria ya kichwani ikiwa sababu kubwa. Watafiti walipowafuatilia tena miaka michache baadaye walikuta kuwa hatari yao ya kufa mapema ilikuwa mara 25 zaidi ya ile ya watoto na vijana wengine wa eneo hilo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye ulemavu mzito na wenye utapiamlo.

Takwimu hizo zinahusiana na viti kuliko inavyoonekana. Mtoto wa polio alihitaji gurudumu. Mtoto wa mtindio wa ubongo anahitaji kwanza kuketi.

Nyonga kwanza

Sisi tunaoketi bila kufikiri hatujui kuwa kuketi ni kazi. Misuli ya tumbo na ya mgongo huvutana kimya kimya ili kichwa kibaki juu ya mabega na mabega yabaki juu ya nyonga. Mtoto ambaye misuli yake imelegea huporomoka kama gunia lililofunguliwa. Ambaye misuli yake imekakamaa hunyooka ghafla kama ubao na kuteleza chini ya kiti.

Fundi anayejua kazi yake haanzi na kichwa kinachoning'inia, ingawa ndicho kinachomsikitisha kila mtu. Anaanza na nyonga, kwa kuwa nyonga ni msingi wa nyumba. Zikikaa sawa, zikashikwa na mkanda unaopita chini ya tumbo juu ya mapaja, mgongo unapata pa kusimamia. Mgongo ukisimama, viegemeo viwili vya ubavuni vinatosha kuuzuia usiangukie upande mmoja. Ndipo kichwa, mara nyingi kwa mshangao wa wazazi, huinuka chenyewe kidogo. Kati ya magoti huwekwa kizuizi laini ili miguu isipishane kama mkasi, kwani miguu inayopishana kwa miaka huichomoa nyonga mahali pake.

Sasa tazama kiti cha kawaida cha kukunja, kile kinachoonekana katika korido za hospitali. Mahali pa kukalia ni kitambaa kilichowambwa kati ya mabomba mawili. Baada ya miezi kadhaa kinalegea na kuwa kama kitanda cha kamba kilichochakaa: mapaja yanabanana, nyonga moja inashuka, mgongo unafuata. Kiti hicho kilikusudiwa kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Hakikukusudiwa mtoto wa miaka sita kukalia saa nane kwa siku.

Athari yake ya haraka huonekana wakati wa chakula. Mtoto aliyelala nusu chali, shingo imepinda nyuma, njia yake ya hewa inakuwa wazi wakati uji unapopita. Anapaliwa. Mama anasubiri kikohozi kiishe, anajaribu tena, na mlo mmoja unachukua saa nzima. Kinachopotea njia na kuingia mapafuni huleta homa ya mapafu. Kisichoingia tumboni huleta utapiamlo. Mtoto huyohuyo akikalishwa wima, kidevu kikielekea kifuani kidogo na miguu ikikanyaga mahali imara, humeza kwa usalama zaidi. Ndiyo maana wataalamu wengi huhesabu kiti kuwa sehemu ya lishe.

Futi ya fundi cherehani

Mwongozo wa mwaka 2008 ulitaja hatua nane, kuanzia mtoto anapoelekezwa kituoni hadi anapofuatiliwa nyumbani kwake. Hatutazieleza zote hapa. Zilizo nyingi ni utaratibu wa ofisi. Inayostahili kuelezwa ni hatua ya kupima, kwa kuwa mzazi yeyote mwenye futi ya fundi cherehani anaweza kuihakiki mwenyewe.

Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga za mtoto anapoketi. Kina cha kiti hupatikana kwa kupima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha kupunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo usikate mishipa nyuma ya magoti. Mahali pa kuweka miguu hupangwa kwa urefu wa muundi, kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, viatu vikiwa vimevaliwa ikiwa mtoto huvivaa.

Hapa mila yetu moja nzuri inageuka kuwa adui. Sare ya shule hununuliwa kubwa ili mtoto aikulie, na hakuna anayelaumu. Kiti hakikuliwi namna hiyo. Kikiwa kipana, mtoto huegemea upande mmoja kutafuta pa kushika, na mwili unaokua huzoea kupinda huko. Kikiwa kirefu, huteleza mbele hadi akalalie mgongo. Kiti kizuri cha mtoto hutengenezwa kwa fremu inayoweza kuongezwa na vipande vinavyosogezwa kwa spana, na mtoto huyo hurejeshwa kupimwa kila anapokua. Mwaka mmoja bila kuonwa na mtaalamu ni muda mrefu mno kwa mtoto.

Kwa mtoto wa mgongo wazi kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Mara nyingi hahisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Wewe na mimi tukikaa kwenye benchi gumu tunajigeuzageuza bila kujua. Yeye hageuki, kwa kuwa hakuna maumivu yanayomwambia ageuke. Mfupa wa kalio unaibana ngozi dhidi ya kiti, damu haipiti, nyama inakufa kutoka ndani. Kidonda kinapoonekana juu kama doa dogo, chini yake huwa kimekwisha kuwa shimo.

Kwa hiyo mto si anasa ya kuongezwa fedha zikibaki. Mto unaofaa huchongwa kwa sponji ngumu, nyuma ukiwa na bonde dogo linaloipokea mifupa ya makalio na mbele ya bonde hilo ukingo unaomzuia mtoto asiteleze. Mafunzo ya WHO yana kipimo chepesi cha kuupima: mtaalamu huingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio mtoto akiwa ameketi. Vidole vikiweza kuchezacheza juu na chini kwa milimita 5 au zaidi, ni salama. Vikishindwa kucheza lakini vikachomoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa visichomoke, kiti hicho hakifai, hata kama kilitoka Ulaya na kimeng'arishwa kama kioo.

Mchanga, mawe na tope

Kiti kinachomfaa mtoto lazima pia kikifae kijiji chake. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha hospitali huzama kwenye mchanga wa pwani kama kisigino cha kiatu cha harusi, na yakigonga jiwe kiti kizima huangukia uso.

Watu wawili waliolitafakari tatizo hili mapema walikuwa wenyewe watumiaji wa viti. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alianza mwaka 1980 kufanya kazi na watumiaji wenzake nchini Nicaragua. Kutokana na kazi hiyo likakua shirika la Whirlwind na kiti chake cha RoughRider. Mwingereza David Constantine alivunjika shingo alipopiga mbizi nchini Australia mwaka 1982. Akiwa mwanafunzi wa usanifu katika Royal College of Art, London, yeye na mwenzake Simon Gue walishinda mwaka 1989 shindano la kusanifu kiti kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka 1991, pamoja na Richard Frost, wakaanzisha shirika la Motivation, lililoanza kazi Bangladesh.

Walichogundua ni jambo la kimekanika. Ukisogeza gurudumu la mbele mbali zaidi na mtumiaji, uzito wake hurudi nyuma juu ya magurudumu makubwa, na la mbele hubaki jepesi: huelea juu ya mchanga badala ya kuulima. Baadhi ya viti vya namna hiyo vina gurudumu moja tu mbele, kubwa na pana. Tairi, tyubu na spoki huchaguliwa zile zinazouzwa kwa ajili ya baiskeli za kawaida, ili pancha izibwe na fundi aliyeketi chini ya mwembe, kwa bei ya fundi wa chini ya mwembe.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Kiti ambacho beringi yake hupatikana ng'ambo peke yake kitakufa siku beringi hiyo itakapokufa.

Shule ya Moshi

Kiti kinahitaji fundi, na fundi anahitaji shule. Moja ya shule hizo iko chini ya Kilimanjaro. Chuo cha TATCOT, katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, kikifundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi kwa wanafunzi kutoka Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Baadaye, kwa ushirikiano na Motivation, kiliongeza mafunzo ya mafundi wa viti vya magurudumu.

Kazi inayofundishwa huko haikuwa na jina katika hospitali zetu nyingi. Si uganga, si uchomeleaji wa vyuma, si ushonaji, lakini ina kidogo cha vyote. Mhitimu wake anatakiwa amshike mtoto nyonga kwa mikono na kujua kama mgongo uliopinda bado unanyooka au umekwisha kukaza. Ukinyooka, anaurekebisha. Ukiwa umekaza, anaufuata kiti kulingana na umbo lake, kwa kuwa kumlazimisha mtoto kunyooka kusikowezekana ni kumtesa bure.

Tofauti hiyo huamuliwa katika dakika chache za kumgusa mtoto, akiwa amelazwa juu ya meza. Hakuna kontena linaloweza kuileta.

Jijini Dar es Salaam hospitali ya CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, na jijini Kampala kituo cha Katalemwa, wamejijengea uzoefu wa muda mrefu na watoto. Lakini ramani ina mapengo makubwa. Mzazi wa Kigoma au wa Turkana huweza kusafiri siku nzima na mtoto mgongoni ili apimwe, kisha siku nyingine kurudi nyumbani kusubiri kiti kikamilike.

Kiti cha karatasi

Katikati ya safari na kusubiri huko, kuna ufundi mmoja ambao msomaji huenda akautilia shaka mpaka aukalie. Mwalimu Bevill Packer wa Zimbabwe aliendeleza njia ya kutengeneza samani kwa karatasi zilizotupwa. Maboksi na magazeti hupangwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi iliyopikwa kwa unga, hukandamizwa, hukaushwa juani, kisha hupakwa rangi au vanishi. Kikikauka sawasawa, kiti hicho hubeba uzito wa mtu mzima.

Uzuri wake kwa mtoto wa mtindio wa ubongo ni kwamba hujengwa kwa vipimo vya mwili wake mmoja: egemeo la kichwa hapa, kizuizi cha magoti pale, meza ndogo mbele ya kuwekea sahani na vitu vya kuchezea. Mama anaweza kujifunza kukitengeneza. Hakina magurudumu, na mvua ni adui yake mkubwa. Hakichukui nafasi ya kiti cha magurudumu. Lakini mtoto aliyekuwa amelala chali akitazama bati anaanza kutazama watu.

Njia ya kwenda chooni

Hata kiti kilichopimwa vyema hakipandi ngazi. Kipimo kinachokubalika kimataifa cha mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha darasa chenye kimo cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Hiyo ni mifuko michache ya saruji na siku moja ya fundi mwashi, wala si mradi wa wizara. Choo ni shida zaidi, kwa kuwa mlango wake mara nyingi ni mwembamba kuliko kiti, na ndani hakuna pa kugeukia. Wasichana wengi wenye ulemavu wanapofikia umri wa kuvunja ungo, choo cha shule ndicho kinachoamua kama wataendelea na masomo.

Halafu kuna usafiri. Malalamiko ya wazazi yanafanana, iwe ni daladala, matatu au taksi ya Kampala: dereva hasimami akiona kiti, au kondakta anakilipisha nauli kama mzigo wa viazi.

Na kuna maneno. Kiswahili chenyewe kilimweka mtu huyu kwa muda mrefu katika ngeli ya vitu: kilema, kipofu, kiziwi. Kisha tukasema mlemavu, na sasa mtu mwenye ulemavu. Wapo wanaoona mabadiliko haya kuwa ni ya kwenye makaratasi. Lakini mama anayeambiwa na wakwe zake kuwa amezaa mkosi, au aliyeachwa na mumewe siku daktari alipotaja mtindio wa ubongo, anajua kuwa neno linaweza kumfungia mtoto ndani kwa nguvu kuliko kufuli.

Ndiyo maana huduma ya kiti isiyofika nyumbani huishia njiani. Tangu Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, WHO imehimiza utengamao unaofanyika katika jamii yenyewe, na mwaka 2010 ikachapisha mwongozo kamili juu yake. Kuhusu mtindio wa ubongo, kuna kitabu cha mafunzo ya wazazi kilichotokana na kazi iliyofanywa Afrika Kusini, kikajaribiwa Bangladesh na kutolewa mwaka 2013, na ambacho kimetumika pia Uganda. Wazazi hukutana kwa vikundi vidogo karibu na makwao. Hujifunza namna ya kumbeba, kumlisha, kumkalisha na kuwasiliana na mtoto asiyetamka maneno. Na somo moja linahusu namna ya kukiendesha kikundi wenyewe baada ya mkufunzi kuondoka.

Faida ambayo haimo katika masomo ni mama kugundua kuwa si peke yake. Kikundi kikishazoeana, kinafanya yale ambayo mtaalamu hawezi. Mmoja anabaki na watoto wawili ili mwenzake aende sokoni. Wanakwenda kumi kwa mwalimu mkuu badala ya mmoja. Wanamjua fundi anayeziba pancha bila kudharau.

Kontena kutoka ughaibuni

Wasomaji wetu walio Muscat, London, Toronto au Minneapolis wanaifahamu hamu hii: hospitali ya jirani inaondoa viti vya zamani, jumuiya inachanga nauli ya kontena, na nia ni njema kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Ni vyema uombwe kabla meli haijang'oa nanga, maana kontena linalosubiri karatasi bandarini huendelea kuhesabiwa gharama.

Swali zito zaidi ni nani atakayekuwa upande wa pili. Viti 100 vya watu wazima vikifika wilayani pasipo mtu wa kupima, watoto watakaopata nafuu ni wachache na watakaoumia wapo. Viti hivyo hivyo vikipelekwa kwenye karakana yenye fundi aliyesomea, vingine vitafaa jinsi vilivyo, vingine vitapunguzwa, na vingine vitavunjwa kuwa vipuri. Mara nyingi karakana hiyo ingependelea fedha za sponji, tyubu, au mshahara wa mtu wa kuwazungukia watoto vijijini. Ni zawadi isiyopigika picha vizuri, na pengine hiyo ndiyo sababu haitolewi mara nyingi.

Nani analipa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na kifungu chake cha 20 kinazitaka serikali ziwezeshe watu hao kutembea na kusafiri kwa kadiri inavyowezekana, kwa gharama wanazozimudu. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Rwanda ikajiunga mwaka huohuo, Tanzania mwaka 2009, Burundi 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2015. Mwaka 2016 WHO ilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na viti vyenye viegemeo vya mwili vimo.

Orodha hailipi. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata, wakati katika baadhi ya nchi tajiri hufikia asilimia 90. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na wafadhili, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa miongoni mwa wakubwa wao katika huduma za viti na mafunzo ya watoa huduma. Shughuli zake zilifikia kikomo Julai 2025. Serikali ambazo zilizoea kuona viti vikija kwa meli sasa zinapaswa kuamua kama fundi wa viti atakuwa na nafasi katika orodha ya watumishi wa hospitali ya wilaya, na kama sponji itakuwa na fungu katika bajeti kama ilivyo kwa dawa.

Wakati huo watoto wanakua. Kiti kilichomtosha msichana akiwa na miaka mitano kitambana akiwa na saba. Pale ambapo huduma inafanya kazi, siku anayopimwa kiti kipya kile cha zamani hakirudi nyumbani. Hubaki karakanani, huoshwa, hubadilishwa mto na beringi, na viegemeo vyake husogezwa ndani kwa spana, kikimngojea mtoto mdogo aliye kwenye foleni pamoja na mama yake.